Kabla Hujamchafua Fundi, Chungulia Kwanza Chini ya Gari Yako

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Nina jambo limenikaa kooni wiki ya pili sasa, bora nilitoe.

Wengi wenu mliiona ile klipu. Staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, amesimama pembeni ya Volkswagen Beetle yake ya rangi ya chungwa. Mkia wa gari umepanda ukingo wa barabara maeneo ya Mbezi Beach, boda boda mmoja anajipangusa vumbi mtaroni, na staa wetu anafoka kwamba fundi wake ni tapeli, eti alitaka kumuua. Baadaye akaposti picha ya fundi na ya gereji. Komenti zikamiminika kama mvua ya masika, matusi mpaka ya wazazi.

Na mimi nilikuwemo. Niliichukua ile klipu nikaiweka hapa na kichwa cha habari cha kuchekesha, mkacheka sana, nikapata laiki zangu. Sikumpigia mtu simu. Sikuuliza swali hata moja.

Juzi nikaenda kwenye ile gereji. Leo nawaambia nilichokikuta, halafu natoa maoni yangu. Atakayenuna, anune tu.

Kwanza tuielewe gari yenyewe, maana humo ndimo kesi ilipo. Beetle injini yake iko nyuma. Mbele ya injini kuna giaboksi, na difu imo ndani ya giaboksi hiyohiyo, zinatumia oili moja. Kwenye zile za mtindo wa zamani kama ya staa wetu, kutoka kwenye giaboksi inatoka mirija miwili ya chuma, mmoja kulia mmoja kushoto, ndani yake ndimo zinamopita ekseli kwenda kwenye magurudumu ya nyuma. Oili ya giaboksi inasafiri ndani ya hiyo mirija mpaka mwisho, ikalainishe bearingi. Pale mwisho inazuiwa na sili ya mpira.

Sasa jiulize, ng'ambo ya hiyo sili kuna nini? Kuna breki. Sili ikichoka, oili ya giaboksi inaingia moja kwa moja kwenye dramu na kulowesha breki shuu.

Mmeanza kunielewa?

Nilimkuta fundi amekaa kwenye kreti la soda, gereji kimya. Ni mtu mzima, umri wa baba yangu. Nikamsalimia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba baba, umekuja kunipiga picha na wewe?" Nilijisikia vibaya, siwezi kuwaficha. Nikamwambia ukweli kwamba na mimi nilimposti. Akaniangalia kidogo, akaniambia kaa hapo kwenye tairi.

Hakunitukana. Akaenda ndani akaja na daftari lake, yale ya kaunta. Akafungua ukurasa wenye namba ya ile Beetle. Mwandiko wa kalamu ya bluu, mistari minne. Nanukuu kama nilivyosoma: sili za magurudumu ya nyuma zote mbili, mipira ya ekseli imepasuka, sili ya shafti ya giaboksi upande wa klachi inatoka jasho, nati ya kumwagia oili imeliwa. Chini yake kiasi, spea na ufundi: laki nne na nusu. Pembeni ameandika, "Mteja amesema tuongeze oili tu."

Halafu akanichezea ujumbe wa sauti kwenye simu. Sauti ile nyote mnaijua, imo kwenye nyimbo mnazocheza kwenye maharusi. Anasema, mzee wangu we jazia oili tu, kesho tunashuti video, hayo mengine tutaona mbele ya safari. Sauti ya mtu aliyechangamka, nyuma yake kuna muziki.

Wiki hiyohiyo gari ilifungwa rimu mpya za kung'aa. Zile rimu ziligharimu milioni na ushee, aliziposti mwenyewe akijisifu. Yaani hela ya sili ilikuwepo. Tena rimu zilifungwa palepale juu ya zile dramu zilizokuwa zinalowa. Kilichotokea Mbezi Beach hakihitaji mganga: ameshika breki kwa nguvu, gurudumu moja la nyuma limeshika na lingine lina oili linateleza, mkia ukayumba. Bahati ya Mungu boda aliruka.

Hapa najua kuna watu wanasema, "Aah, hizo gari za kizamani zote zinavuja, ni kawaida yake." Hili neno ndilo linaloniudhi kuliko yote. Linasemwa na wauzaji, linasemwa na wenye magari, na mafundi wavivu wanalipenda kwa sababu linawapa likizo. Beetle ilishinda mbio za magari za Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962, enzi zile mbio zinakatiza Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye tope. Unadhani zilikuwa zinashinda huku zinamwaga oili njia nzima? Gari ilivyotoka kiwandani ilikuwa kavu. Kilichozeeka ni mpira. Mpira unakakamaa, unapasuka, na unaharibika haraka zaidi gari ikisimama muda mrefu bila kutembea, kwa sababu sili inakauka pale ilipogusana na chuma. Na hizi gari za mastaa zinasimama sana jamani. Zinatoka siku ya kupigwa picha.

Kutoka jasho ni kitu kimoja, unaona unyevunyevu umeshika vumbi na hakuna tone. Hiyo unaweza kuivumilia huku unaifuatilia. Lakini ukikuta tone sakafuni, hiyo ni kazi inakusubiri. Na ukikuta unyevu ndani ya gurudumu, hiyo usiisubirishe hata siku moja.

Mimi baada ya form four nilikaa miezi kadhaa gereji Gerezani, kazi yangu kubwa ikiwa kushika tochi na kuosha spea kwa mafuta ya taa. Sikuwa fundi na sijidai ni fundi. Ila vitu vichache viliniingia kichwani, na huyu mzee amenikumbusha vingine. Nawapa hapa bure, maana naona siku hizi kila mwenye kibunda anatafuta ndinga ya kizamani.

Cha kwanza, ijue oili inayotoka ni ipi. Watu wengi wanaona weusi chini ya Beetle wanasema giaboksi, kumbe ni injini. Pale injini inapokutana na giaboksi kuna sili mbili zinazotazamana, moja ya injini nyuma ya flaiwili na moja ya shafti ya giaboksi. Zote zikivuja, oili inadondokea sehemu moja. Utazitofautishaje? Tumia pua. Oili ya giaboksi ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti, kama yai viza. Ya injini haina hiyo harufu. Na ukikuta majimaji ndani ya gurudumu, chunguza pia kama ni maji ya breki kutoka kwenye silinda ya gurudumu. Yale ni mepesi na hayana harufu ya kiberiti. Ukikosea hapa utabadilisha spea ambayo haikuwa na kosa.

Cha pili, osha kwanza. Gari ikiwa imejaa tope na mafuta ya miaka kumi huwezi kujua chanzo, kwa sababu oili inatambaa, upepo unaisukuma, inakuja kudondokea mbali na ilipotoka. Osha chini, kausha, tembea kilomita kumi au kumi na tano gari ipate moto, kisha paki usiku kucha juu ya boksi lililokunjuliwa. Asubuhi boksi litakuonyesha pa kuanza kutazama. Kisha chukua tochi, ufuate unyevu kwenda juu mpaka uone unapoanzia.

Cha tatu, anza na vitu rahisi. Kuna wakati tatizo ni oili imejazwa kupita kiasi. Kwenye Beetle unajaza mpaka oili ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia, gari ikiwa imekaa sawa, basi. Ikizidi itatafuta njia ya kutokea. Ukimwaga na kujaza upya inaingia kama lita mbili na nusu. Halafu kuna kosa moja nimelishuhudia kwa macho yangu: kijana alimwaga oili yote, alipotaka kujaza, nati ya kujazia ikagoma kufunguka. Gari ikalala palepale bila oili. Fungua nati ya kujazia kwanza, ndipo ufungue ya kumwagia. Na hizo nati zinafunguliwa na alenki ya milimita 17. Wanaolazimisha kwa patasi na nyundo ndio wanaozila, kama hii ya staa wetu ilivyoliwa.

Oili yenyewe, kwa Beetle mafundi wanaozijua wanaweka namba 90 au 80W-90 ya daraja la GL-4. Usichukue tu kopo lolote dukani kwa sababu limeandikwa giaboksi. Ndani mna ringi za shaba za kulainisha kuingia kwa gia, na dawa nyingi kali zilizomo kwenye oili za GL-5 zinaweza kuzila taratibu. Na usidanganywe uweke oili nzito sana eti "izibe uvujaji". Asubuhi gia zitakuwa ngumu kuingia, na tundu litabaki tundu.

Cha nne, mipira ya ekseli. Hii ipo pale mirija inapoungana na giaboksi, imekunjwakunjwa kama kinanda cha mkono. Ikipasuka, oili inamwagika na vumbi linaingia. Mipya ipo ya kupasuliwa, inafungwa kwa skrubu bila kung'oa mrija. Ujanja wake ni mdogo: ule mshono usiuelekeze chini, maana ndiko oili inakokaa. Uweke ubavuni au juu kidogo. Na skrubu usizikaze mpaka mpira ukunjamane, utavuja siku hiyohiyo.

Cha tano, na hapa ndipo penye roho za watu, sili za magurudumu ya nyuma. Kazi yake sio ngumu ila inataka heshima. Ile nati kubwa ya katikati ya gurudumu ni ya milimita 36 na inakazwa kwa nguvu ya kama Nm 300. Huwezi kuikaza kwa mkono ukasema tayari. Mafundi wengi hawana kifaa cha kupimia, wanaipiga patasi. Ikilegea, dramu inacheza kwenye meno ya ekseli, inayala, na siku moja unakanyaga mafuta gari haiendi, tena breki ya gurudumu hilo nayo inakuwa imekwenda na maji. Ukinunua sili, nunua seti nzima na oringi zake na gasketi ya karatasi. Angalia na ile bushi ambayo mdomo wa sili unaisugua. Ikiwa imechimbika mfereji, badilisha, la sivyo sili mpya itavuja baada ya wiki na utamwita fundi tapeli.

Na breki shuu zilizolowa oili ni za kutupa. Najua tunavyofanya huku kwetu, zinaoshwa na petroli, zinapigwa msasa, wengine wanazichoma moto kidogo "oili itoke". Oili imeshaingia ndani. Breki ikipata joto inatoka tena juu. Badilisha zote za ekseli hiyo, kulia na kushoto, na dramu uzisafishe vizuri.

Cha sita, sili ya shafti upande wa klachi. Hii inaogopwa kwa sababu ni lazima injini ishuke. Ila kwa Beetle kushusha injini sio msiba, imeshikwa na giaboksi kwa bolti nne tu, ukishachomoa nyaya, kebo na bomba la petroli. Ukiiacha ivuje, oili inafika kwenye sahani ya klachi na klachi inaanza kuteleza. Injini ikishashuka, badilisha na ile ya flaiwili. Hakuna akili ya kushusha injini mara mbili kwa ajili ya sili ya bei ya chipsi kuku.

Na ile gundi ya silikoni, wadau, mtusamehe. Kuipaka kwa nje juu ya mafuta ni sawa na kubandika plasta kwenye jasho. Haishiki. Ina mahali pake, kwenye uso wa chuma uliosafishwa ukakauka, tena kidogo.

Sasa turudi kwa huyu mzee.

Baada ya ile klipu, wateja watatu walikuja kuchukua magari yao, mengine yakiwa hayajamalizwa, yamevutwa kwa kamba. Alikuwa na vijana wawili anaowafundisha, mmoja ameacha kuja kwa sababu mtaani wanamwita "mwanafunzi wa muuaji". Binti yake yuko sekondari, wenzake walimwonyesha klipu darasani. Mzee ananiambia hivi vitu bila kupandisha sauti, anapangusa spana ambayo tayari ilikuwa safi.

Nikamuuliza kwa nini hakuutoa ule ujumbe wa sauti hadharani ajisafishe. Akasema, "Sauti ya mteja ni ya mteja." Mimi ameniruhusu kuusikia, na kueleza kilichomo bila kumtaja mtu. Kurusha sauti amekataa. Naheshimu.

Kisha akasema neno ambalo mimi nimelala nalo. Akasema, "Lakini kosa langu lipo. Nilimpa funguo."

Mwanzoni nilimtetea. Nikamwambia mzee, gari ni ya mteja, ungeizuiaje? Akatikisa kichwa. Akasema rangi ikichubuka ni ya mteja. Kiti kikichanika ni cha mteja. Breki ni ya yule boda. Alipoona oili imeingia kwenye dramu alitakiwa aiache gari juu ya mawe, magurudumu yakiwa yamevuliwa, na kama mteja anaitaka aje na gari ya kuvutia, na asaini kwenye daftari. Hakufanya hivyo kwa sababu mteja ni staa na alitumaini atamtangaza. "Na kweli amenitangaza," akasema, akacheka peke yake.

Maoni yangu ni haya. Staa, kama unasoma, na najua vijana wako wanasoma: ulijua. Uliambiwa kwa mdomo na kwa maandishi. Uliona laki nne na nusu ni nyingi kwa kitu kisichoonekana kwenye picha. Kiki umeshaipata, video imetazamwa, rimu zinang'aa. Rudi uposti nyingine useme fundi alikuambia. Haitakushushia heshima, wengine tutakuheshimu zaidi. Na umtafute yule boda umpe pole, maana kwenye klipu nzima hukumuuliza hata kama ameumia.

Mafundi, mkiona breki imelowa, msitoe funguo. Mteja atanuna, atakwenda kwingine. Aende na gari ya kuvutwa. Na andikeni. Lile daftari la mzee ndilo lililonifanya nimwamini kabla hata ya kusikia sauti.

Mashabiki, na hapa najisemea na mimi mwenyewe: tulimhukumu mtu kwa klipu ya sekunde chache, na hakuna kati yetu aliyeuliza lile swali dogo tu, gari ilikuwa na shida gani? Tungeuliza, kuna mtu humuhumu kwenye komenti angejibu, maana mafundi mmo wengi. Mimi nimeifuta ile posti yangu. Kufuta hakutoshi, najua, waliyoyaona wameshayaona. Ndio maana nimeandika hii kwa urefu huu, na itakaa hapo juu ya ukurasa mwezi mzima, ubuyu utapita chini yake.

Mzee, nisamehe. Uliniambia yameisha, ila niliyaanzisha mbele ya watu, wacha niyamalizie mbele ya watu.

Na wewe mwenye ndinga ya kizamani, leo jioni kabla hujaiosha kwa ajili ya picha ya wikiendi, tandika boksi chini. Kesho asubuhi chungulia. Ukiona tone, nusa.

Haya, tiririkeni hapo chini. Je, fundi ana haki ya kukataa kumpa mteja gari yake mwenyewe kama breki ni mbovu? Na kama umewahi kuambiwa "ongeza oili tu", tuambie ilikuishia wapi. Povu ruksa, ila kumtukana mzee wa watu, safari hii nafuta.